GOTI LISILOTULIA: MAHALI PA KUFUNGA KAMBA NI MUHIMU KULIKO KAMBA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ningependa tuketi pamoja kidogo tuzungumze juu ya goti. Najua wengine mmeanza kucheka. Katika jarida letu tumezoea kusoma juu ya uchafuzi wa mito, dawa za kulevya na umuhimu wa lugha ya Kiswahili. Goti nalo lina habari gani? Subiri, usifunue ukurasa. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Adhabu ya goti anaijua kaka yangu, naye ndiye aliyenifanya nikashika kalamu.

Kaka yangu alikuwa kiungo wa timu ya mtaa wetu hapa Kitale. Jumapili moja alikuwa anakimbia na mpira, akataka kumpiga chenga beki mmoja mnene. Mguu wa kulia ukabaki umekita chini, mwili ukageuka kushoto. Hakuna aliyemgusa. Yeye mwenyewe anasema alisikia sauti "ta!" kama bua la mahindi linalovunjwa, kisha akaanguka. Refa hakupuliza hata filimbi kwa sababu hakuona kosa. Kabla ya magharibi goti lilikuwa limevimba kama papai.

Jirani mmoja alileta mafuta ya kuchua, mwingine akashauri maji moto na chumvi. Baada ya wiki mbili tatu uvimbe ulipungua, akaanza kutembea, nasi tukasema Alhamdulillahi, Mungu ni mwema, amepona. Kumbe wapi! Kaka ni utingo wa matatu. Siku aliporudi kazini akaruka chini gari likiwa bado linasonga kidogo, kama kawaida ya utingo, goti likamponyoka akaanguka kando ya barabara. Wiki iliyofuata likamponyoka tena akipanda ngazi. Hapo ndipo mama alipomkokota hospitalini, na huko nikaanza kujifunza haya ninayokuandikia.

GOTI LIMEUMBWAJE?

Goti ni mahali fupa la paja linapokutana na mfupa wa muundi, na mbele yake kuna kifuniko kiitwacho kilegesambwa. Ukiliangalia kwa nje unadhani ni bawaba ya mlango, yaani hukunja na kukunjua basi. Lakini fupa la paja lina vichwa viwili vya mviringo, na muundi juu yake ni kama sahani karibu bapa. Hebu jaribu kuweka machungwa mawili juu ya sahani uone kama yatatulia! Kinachoyazuia yasiteleze katika goti si umbo la mifupa. Ni kamba.

Hapa tutofautishe maneno mawili. Kamba inayounganisha msuli na mfupa tutaiita kano. Inayounganisha mfupa na mfupa tutaiita ligamenti. Goti lina ligamenti kubwa nne. Mbili ziko pembeni, moja upande wa ndani na moja upande wa nje. Mbili nyingine ziko katikati kabisa, ndani ya goti, nazo zimepishana kama msalaba. Galen, yule tabibu wa zamani wa karne ya 2, ndiye aliyezipa jina hilo la msalaba. Moja ni ya mbele na nyingine ya nyuma. Leo mada yetu ni ile ya mbele.

Ligamenti msalaba ya mbele ni fupi, kama sentimita 3 tu, na unene wake si zaidi sana ya kidole chako kidogo. Chini imeshikana na muundi upande wa mbele. Kutoka hapo inapanda kwa kulala ubavu, ikielekea nyuma na upande wa nje, mpaka kwenye ukuta wa lile bonde lililo kati ya vichwa viwili vya fupa la paja. Kumbuka neno hili "kulala ubavu", tutalihitaji huko mbele.

Kazi yake ni mbili. Kwanza, huzuia muundi usichomoke kuelekea mbele. Pili, huzuia muundi usizunguke ovyo chini ya paja unapogeuka. Ndani yake kuna mafungu mawili ya nyuzi. Fungu moja hukaza zaidi goti likikunjwa, na jingine hukaza goti likinyooshwa, nalo husaidia sana kuzuia mzunguko. Kwa hiyo wakati wowote, goti liwe limekunjwa au limenyooshwa, kuna walinzi zamu. Maumbile hayakubahatisha.

HUKATIKAJE?

Wengi tunadhani lazima upigwe teke ndipo ligamenti ikatike. La hasha! Mara nyingi hukatika bila mtu kuguswa, kama ilivyomtokea kaka. Mchezaji anasimama ghafla, au anageuka mguu ukiwa umekita, au anatua kutoka juu goti likiwa limenyooka na kuingia ndani. Wachezaji wakubwa duniani wamepatwa. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia mwaka wa 2020 (huyo aligongwa na kipa), Alexia Putellas wa Uhispania mwaka wa 2022, na Rodri wa Manchester City mwaka wa 2024. Wasichana wenzangu wa netiboli, mpira wa mikono na kandanda, tegeni sikio: katika michezo ya kugeuka na kuruka, sisi hukatika ligamenti hii zaidi ya mara mbili ya wavulana. Si kwa sababu ya udhaifu. Sababu zinazotajwa ni nyingi, mojawapo ikiwa ni jinsi tunavyotua na jinsi misuli ya paja inavyofanya kazi.

Dalili ni sauti ya kukatika, uvimbe unaokuja ndani ya saa chache kwa sababu damu imevuja ndani ya goti, na baadaye goti kuponyoka. Maumivu yanaweza kwisha kabisa. Huo ndio mtego wenyewe, maana mtu hudhani amepona.

Tena ligamenti hii, tofauti na ile ya pembeni upande wa ndani, haiungi kwa urahisi. Iko ndani ya maji ya goti, na maji yale huizuia damu kuganda ikawa daraja kati ya vipande viwili vilivyokatika.

Daktari hutambua kwa mikono yake. Kipimo kimoja kinaitwa Lachman, jina la daktari wa Philadelphia huko Marekani, na kilielezwa katika maandishi mwaka wa 1976. Goti hukunjwa kidogo tu, daktari anashika paja kwa mkono mmoja na kuvuta muundi mbele kwa mkono wa pili. Muundi ukija bila kuzuiwa, ligamenti imekatika. Kipimo cha pili ni cha kupindisha: mguu unazungushwa kuelekea ndani, unasukumwa kutoka pembeni, kisha goti linakunjwa polepole. Kama ligamenti haipo, muundi huruka na kurudi mahali pake kwa kishindo kidogo. Mama alipokiona kile kishindo kwenye mguu wa kaka alifumba macho. Baadaye picha ya sumaku ilithibitisha.

UPASUAJI NI KUFANYA NINI HASA?

Zamani madaktari walijaribu kuishona ligamenti iliyokatika. Daktari Mayo Robson alimshona mchimba makaa ya mawe mmoja mjini Leeds, Uingereza, mwaka wa 1895. Mwaka wa 1917 daktari Hey Groves wa Bristol alieleza njia ya kuweka kamba mpya mahali pa ile ya zamani. Mwaka wa 1980 daktari David Dandy, huko huko Uingereza, alifanya kazi hiyo kwa kutumia kamera ndogo iliyoingizwa ndani ya goti kupitia kitundu. Siku hizi kamera hiyo ndiyo kawaida.

Kamba mpya inatoka wapi? Aghalabu inatoka kwa mgonjwa mwenyewe. Daktari anaweza kuchukua kano mbili za nyuma ya paja, akazikunja ziwe nyuzi nne. Anaweza pia kuchukua theluthi ya katikati ya kano iliyo chini ya kilegesambwa, pamoja na kipande kidogo cha mfupa kila upande. Au anachukua kano ya mbele ya paja, juu ya kilegesambwa. Kisha anatoboa tundu kwenye muundi na tundu lingine kwenye fupa la paja kwa keekee, anapitisha kamba, na kuifunga kwa skrubu au kwa kifungo kidogo cha chuma.

Kaka alifanyiwa hivyo katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Pesa zilitoka wapi? Tulifanya harambee kanisani, na baba akauza mtamba aliyekuwa amemwekea matumaini ya maziwa. Kamba ilitoka nyuma ya paja. Jeraha likapona vizuri, kovu dogo nadhifu, tukashukuru.

Baada ya miezi kumi kaka akarudi uwanjani. Akikimbia moja kwa moja, sawa. Akipiga mpira, sawa. Lakini akigeuka, goti linaponyoka tena! Jamani, si mchezo. Watu wakaanza kusema kaka hakufanya mazoezi, wengine wakasema amerogwa na timu pinzani. Baba alikaa kimya tu akiangalia zizi.

SAA SITA AU SAA NNE?

Tulimpeleka kwa daktari mwingine wa mifupa. Mimi ndiye niliyembebea bahasha ya picha. Daktari yule alikuwa mpole. Alimlaza kaka, akafanya kipimo cha Lachman. Muundi haukuja mbele sana. Akafanya kipimo cha kupindisha. Ukaruka! Akatazama eksirei na picha ya sumaku kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kamba haijakatika. Kamba ni nzima."

Mama akashangaa. "Sasa daktari, kama ni nzima mbona mtoto anaanguka?"

"Mama, imefungwa mahali ambapo sipo," akajibu.

Akachukua kalamu akachora duara, akaniuliza, "Wewe msichana, unasoma saa?" Nikasema ndiyo. Akasema tuseme goti la kulia limekunjwa, nasi tunachungulia lile bonde la fupa la paja kwa mbele, kama mtu anayechungulia ndani ya pango. Bonde lile tulifanye uso wa saa. Juu kabisa ya pango ni saa sita. Ligamenti ya asili haishikani hapo. Inashikana chini zaidi, kwenye ukuta, karibu na saa nne. (Kwa goti la kushoto ni karibu na saa nane.) Ya kaka ilikuwa imefungwa karibu na saa sita.

Basi kuna ubaya gani, nikauliza, si bado inaunganisha paja na muundi? Daktari akanikumbusha hema la arusi. Kamba za hema hufungwa kwenye mambo zilizokitwa mbali na mlingoti, zikalala ubavu. Upepo ukija kutoka pembeni, kamba inayolala ndiyo inayouzuia. Sasa chukua kamba ile ile, ngumu vile vile, uifunge wima kandokando ya mlingoti. Upepo ukija mlingoti unayumba na kamba inautazama tu. Kamba wima ya goti iko hivyo hivyo. Inaweza kuzuia muundi kwenda mbele, ndiyo maana kipimo cha Lachman kilikuwa kizuri kiasi. Lakini haizuii mzunguko vizuri, ndiyo maana kaka alikimbia sawa na kuanguka akigeuka.

Wale mnaopenda fizikia, hapa pananoga. Ligamenti asilia ya kijana ilipopimwa maabara ilihimili takriban nyutoni 2,160 kabla ya kukatika, yaani kama uzito wa kilo 220. Kano za nyuma ya paja zilizokunjwa nyuzi nne zimepimwa zikahimili takriban nyutoni 4,000. Kwa hiyo kamba aliyowekewa kaka ilikuwa na nguvu kuliko ile aliyozaliwa nayo! Na bado goti lilimwangusha. Mbuzi akifungwa kwa mnyororo, kisha mambo ikakitwa katikati ya shamba la jirani, mahindi ya jirani yataliwa tu. Usiulaumu mnyororo.

MAKOSA MENGINE YA MAHALI

Daktari alinieleza makosa mengine, nami nikayaandika nyuma ya daftari langu la Jiografia.

La kwanza ni tundu la paja kuwa mbele mno. Ili ulielewe, nenda kwenye mlango wa nyumba yenu ufunge uzi kutoka ubao wa mlango hadi kwenye fremu. Ukiufunga karibu sana na bawaba, mlango ukifunguka urefu wa uzi hubadilika kidogo tu. Ukiufunga mbali na bawaba, mlango ukifunguka uzi hukaza mpaka mlango ukwame au uzi ukatike. Tundu la paja likiwa mbele mno, kila ukikunja goti kamba hukaza kupita kiasi. Ama goti litakataa kukunjika vizuri, ama kamba itavutika na kulegea, mwishowe ishindwe kazi. Na hapa tofauti ni milimita chache tu.

Ndani ya bonde lile kuna kituta kidogo cha mfupa ukutani. Madaktari wanaojifunza walikuwa wakikiona kwa kamera wanadhani wamefika ukuta wa nyuma, wanatoboa hapo hapo, kumbe bado wako mbele. Ndiyo maana kwa Kiingereza kituta hicho kilipewa jina la daktari mwanagenzi. Nilicheka niliposikia, kisha nikakumbuka kuwa huenda ni goti la mtu wa kwetu lililotumika kujifunzia.

Kosa la pili ni tundu la muundi kuwa mbele mno. Hapo goti likinyooshwa, kamba hugonga paa la lile pango. Inasuguliwa kila hatua kama kamba ya kisima inayosugua ukingo wa jiwe. Mgonjwa hawezi kunyoosha goti kikamilifu, na kamba huchakaa. Tundu hilo likiwa nyuma mno, kamba husimama wima tena, tukarudi pale pale pa mlingoti wa hema.

Kosa la tatu ni tundu la paja kuwa nyuma mno. Ukuta wa mfupa hubaki mwembamba na unaweza kubomoka, kamba ikakosa pa kushikilia.

Kwa nini wengi waliangukia saa sita? Kwa miaka mingi njia ya kawaida ilikuwa kupitisha keekee kwenye tundu la muundi na kuendelea nayo moja kwa moja hadi kwenye paja. Ni njia ya haraka na safi. Lakini keekee haipindi kona. Ikishaingia kwa mstari wa muundi, mara nyingi hutokea juu ya pango, haifiki chini ukutani. Baadaye madaktari, miongoni mwao Freddie Fu aliyezaliwa Hong Kong na kufanya kazi Pittsburgh, Marekani, hadi alipofariki mwaka wa 2021, walisisitiza kwamba kamba iwekwe pale pale asilia ilipokuwa, kwa kufuata maumbile ya kila mgonjwa. Ili kufika huko, wengi sasa hutoboa paja kupitia kitundu kingine kidogo upande wa ndani wa goti, bila kupitia tundu la muundi.

Daktari aliongeza kuwa mahali pazuri pekee hapamalizi shida zote. Gegedu zile mbili zilizo kama mwezi mwandamo zikiwa zimechanika na hazikushonwa, goti hubaki na wasiwasi. Kwa vijana wenye magoti yanayozunguka sana, wengine huongezewa utepe nje ya goti, upande wa pembeni. Utafiti wa Kanada na Ulaya uliotolewa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba katika miaka miwili kamba zilikatika kwa asilimia 11 ya vijana wasioongezewa, na asilimia 4 ya walioongezewa.

KAMBA MPYA NAYO HUCHUKUA MUDA

Sasa jambo ambalo sisi vijana hatupendi kusikia. Kamba ikishawekwa, haiwi ligamenti siku hiyo. Ni kama mche uliohamishwa kitaluni. Kwanza chembe zake nyingi hufa, kisha mishipa ya damu huingia polepole, na kamba hujijenga upya. Katika wiki za mwanzo udhaifu mkubwa uko pale ilipofungwa, kwa sababu mfupa haujaishika. Halafu kati ya mwezi wa pili na wa tatu hivi, mgonjwa anajisikia vizuri, uvimbe umekwisha, ilhali kamba yenyewe iko katika udhaifu wake mkubwa. Kujengeka kwake huendelea mwaka mzima na zaidi.

Utafiti mmoja uliofanyika Norway na Marekani, ukachapishwa mwaka wa 2016, uliona kuwa kwa kila mwezi mchezaji aliochelewa kurudi uwanjani, mpaka mwezi wa tisa, hatari ya kuumia tena ilipungua kwa karibu nusu. Kila mwezi! Haba na haba hujaza kibaba. Tena si miezi tu. Lazima upimwe: ruka kwa mguu mmoja, pima umbali, kisha ruka kwa mguu wa pili. Mguu uliopasuliwa ufikishe angalau asilimia 90 ya ule mzima.

JE, NI LAZIMA UPASULIWE?

Hapana. Huenda unasoma haya na nyumbani kwenu hakuna mtamba wa kuuza. Utafiti wa Uswidi wa mwaka wa 2010 uliwafuata vijana 121. Nusu walipasuliwa mapema, nusu wakaanzishiwa mazoezi kwanza, na upasuaji ukafanywa baadaye kwa aliyeuhitaji. Baada ya miaka miwili hali zao zilikaribiana, na kati ya wale walioanza na mazoezi, kama sita katika kila kumi hawakuwa wamepasuliwa. Anayeendesha baiskeli, anayelima, anayetembea kwenda kazini anaweza kuishi vizuri kwa kuimarisha misuli ya paja. Lakini goti likizidi kuponyoka kila mara, kila kuponyoka huzitafuna gegedu, na hapo upasuaji una maana. Ni vyema kumuuliza daktari maswali bila woga: kamba utaitoa wapi? Utatoboa wapi? Gegedu zangu zikoje? Kuuliza si ujinga.

TUJIKINGE

Kinga ni bora kuliko tiba. Mazoezi ya kupasha mwili moto kabla ya mchezo, yale ya kutua kwa magoti yaliyokunjwa, kusimama kwa mguu mmoja na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja, yameonekana kupunguza majeraha haya. Hayahitaji pesa. Yanahitaji kama dakika 20 na mtu wa kutusimamia. Ningewaomba walimu wetu wa michezo wayafanye sehemu ya ratiba. Tunapoitwa uwanjani saa kumi tukiwa tumetoka kukaa darasani saa nane mfululizo, kisha tunaambiwa "haya, chezeni", tunayachezea magoti yetu kamari.

KAKA YUKO WAPI SASA?

Kaka alipasuliwa mara ya pili. Bahati njema tundu la zamani lilikuwa mbali na mahali panapofaa, hivyo daktari aliliacha akatoboa jipya chini ukutani, saa nne. Wengine huwa hawana bahati hiyo. Tundu la kwanza hujazwa mfupa, wasubiri miezi ndipo wapasuliwe tena. Kamba safari hii ilitoka chini ya kilegesambwa. Harambee ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Watu huchoka, na siwalaumu.

Miezi tisa ilipotimia alipimwa. Daktari alipofanya kipimo cha kupindisha, muundi haukuruka. Mama alikuwa amefumba macho tena, ikabidi nimguse bega nimwambie, "Fumbua, Mama, limetulia." Lakini alipopimwa kuruka, mguu ule ulifikisha asilimia 82. Kaka akataka kubishana. Eti timu ina fainali Jumamosi, eti 82 si mbali na 90, hata shuleni ni alama ya A! Siku ile ile mama alichukua viatu vyake vya mpira, akavificha mahali ambapo mpaka leo mimi mwenyewe sipajui.

Jumamosi hiyo tuliketi naye kando ya uwanja. Timu yake ilifungwa mbili bila. Alikunja ngumi, akasimama, akaketi, akasimama tena. Mwishowe akanyoosha mguu wake juu ya nyasi, akaukunja, akaunyoosha, akaniambia, "Mwaka ujao."

Nikamjibu, "Mvumilivu hula mbivu, kaka."

Ndugu msomaji, siku utakapomwona mchezaji anaanguka bila kuguswa, usimcheke ukasema anajifanya. Huenda kamba ya sentimita 3 imekatika. Na akitoka hospitalini, usimharakishe kurudi. Kila la heri katika michezo na masomo.